Mzee Mmoja Hakugeuka

Siku ya nne, mwezi wa Elafeboli. Siku ya Herme.

Herme ndiye mungu wa wajanja, kwa hiyo nimeona nianzie leo.

Hali yangu ni hii. Sherehe za Dioniso, mungu wa mvinyo na maigizo, zikiisha, jeshi la Athene linaondoka kwenda Thrake. Mimi sitaki Thrake. Kule kuna baridi, halafu kuna Wathrake. Lakini mwimbaji wa kwaya haitwi vitani! Sheria ya mji wenyewe. Ndiyo maana majira yote ya baridi nimekuwa nikiimba, mimi ambaye mama hunikataza kuimba karibu na mbuzi. Mdhamini wetu Antifemo, tajiri wa mafuta ya zeituni, ameahidi kwamba tukishinda shindano la michezo ya tanzia atatuhamishia sote kwenye kwaya ya sherehe zinazofuata. Kiangazi chote bila mkuki! Tukishindwa, kila mtu na ngao yake. Yangu inafunika mtungi wa zeituni. Mji ulinipa nilipokuwa mtu mzima, kwa sababu baba alifia vitani. Inafunika vizuri sana.

Sasa habari tamu. Jina la kaka yangu Ameinia limetiwa kwenye chungu cha kabila letu. Likichomolewa asubuhi ya shindano, atakuwa mmoja wa waamuzi. Kaka wa tumbo moja! Nimecheka peke yangu njia nzima.

Siku ya saba. Siku ya Apolo.

Nimempelekea kaka samaki, mkunga wa ziwa Kopai. Mnene! Kaka anampenda mkunga kuliko anavyompenda mkewe, na mkewe analijua hilo. Alikuja mlangoni akichechemea (mkuki ulimpata pajani mwaka juzi), akamtazama mkunga, akanitazama mimi, akauliza ni wa nini. Nikasema ni wa udugu tu. Akauliza kama udugu huo una uhusiano wowote na chungu cha kabila.

Nikajitetea. Akacheka. "Mdogo wangu, nikichaguliwa nitakula kiapo mbele ya Dioniso. Nile mkunga, kisha nile kiapo? Vitapigana tumboni."

Akampa jirani mkunga wangu, eti asiharibike. Na jirani ni nani? Kefisodo! Anayeimba kwaya ya wapinzani wetu! Amemla mzima mpaka mkia. Baadaye akachungulia juu ya ukuta kuniambia kwamba sauti yake imelainika ajabu.

Siku ya nane. Siku ya Poseidoni.

Leo nimemtumia mama. Alikuwa anasokota sufu. Nikamweleza kwa machozi kwamba kaka anauweka mji mbele ya damu yake. Mama akauliza hiyo tanzia yetu inahusu nini hasa.

Nikamwambia. Kijana wa mfalme amewafungulia maadui lango. Amejeruhiwa, amelala nje ya ukuta, analia kiu. Mfalme, baba yake mwenyewe, ametangaza kwamba atakayempa maji atakufa. Dada wa kijana anachukua mtungi wa maji. Sisi wanakwaya, tunaoigiza wazee wa mji, tunamwonya, hasikii. Akilifikia lango tunamgeuzia migongo, wote kumi na watano kwa pamoja. Hatua hiyo tumeifanyia mazoezi mpaka magoti yanalia.

Mama akaacha kusokota. Akauliza, "Maji alimfikishia?"

Nikasema alimfikishia, na akafa kwa hilo. Mama akaiokota tena sufu yake. Kisha akasema, "Basi mwache kaka yako."

Hakuelewa kabisa! Mtu unaeleza jambo la maana, unajibiwa jingine.

Lakini kuna kitu sina budi kukiandika. Anayemwigiza binti ni Mnesilo, mtu mzima mwenye tumbo, mafua na pumzi ya vitunguu saumu. Leo mazoezini alivaa kinyago. Akasimama tu, hajasema neno. Vinyweleo vikanisimama mikononi. Mnesilo hakuwepo tena. Alikuwepo msichana mwenye mtungi.

Siku ya kumi.

Wazo jipya! Tukivaa vinyago sote tunafanana, wazee wenye ndevu nyeupe. Kaka atamjuaje nduguye? Nimemwambia nitafunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Akiuona, damu itamsukuma yenyewe, kiapo au hakuna kiapo. Ameniambia atautazama. Alikuwa na huzuni kidogo. Dalili nzuri!

Siku ya kumi na tatu.

Jina la kaka limechomolewa. Nilimwona akila kiapo, mkono juu, mguu mbovu ukimtetemeka. Nikarukaruka ndani ya kinyago.

Kisha tukaingia. Sijui niandikeje. Mteremko mzima wa kilima cha Akropoli ulikuwa umejaa watu, wauza njugu, watumwa, makamanda, na wote walikuwa wakila na kupiga kelele. Mnesilo akalifikia lango na mtungi wake. Mfalme akamwuliza kama haupendi mji. Akajibu kwa sauti ndogo sana, na bado ilifika mpaka juu kileleni:

"Mji una watu wengi wa kuupenda. Huyu ana mimi tu."

Hakuna aliyetafuna. Ee Dioniso! Watu wote wale, na nilisikia maji yakicheza ndani ya mtungi. Nikamkumbuka baba, ambaye sijui nani alimpa maji. Nikalia. Kinyago kikajaa machozi, kikaninata mashavuni.

Zumari likapiga ishara. Wazee wakageuka.

Mimi sikugeuka. Nilisahau! Nilisimama peke yangu nikimtazama msichana, mzee mmoja kati ya kumi na watano, uzi mwekundu mguuni. Naye akanitazama. Akainamisha kichwa kidogo, kama anayeshukuru, akatoka langoni. Mteremko mzima ukavuta pumzi mara moja. Niliogopa, na nilitamani isiishe.

Katika viti vya waamuzi, kaka yangu alikuwa amejifunika uso kwa vazi lake.

Tulipotoka, mwalimu wa kwaya alinishika koo. Antifemo akamzuia, akasema watu wanalia barabarani. Basi tumeshinda! Thrake, kwaheri!

Siku ya kumi na nne.

Tumeshindwa.

Waamuzi kumi waliandika vibao, vitano vikachomolewa kwa bahati, kama ilivyo desturi. Sisi wa pili. Kefisodo amevaa taji la majani hata sokoni.

Kaka alikuja mwenyewe. Hakukaa. Akasema hajui kama kibao chake kilichomolewa, lakini hataki nisikie kwa mtu mwingine: hakutupigia kura. Akasema tangu azaliwe hajaona kitu kama kile, na akifa atakufa akikiona. Lakini aliapa kuihukumu kwaya ilivyocheza. Wazee walitakiwa kugeuka wote, na mmoja hakugeuka.

Nikamwambia mmoja huyo ni mimi. Akasema anajua, aliuona uzi.

Nikamwita kila jina baya. Nikasema amenipeleka kufa Thrake, yeye abaki na mguu wake akiota jua. Alisubiri nikauke koo. Kisha akasema ametoka kwa kamanda sasa hivi, ameomba kuandikishwa pamoja nami. Kamanda alimcheka, lakini amekubali. Atasimama kulia kwangu, ngao yake ikinifunika upande.

Nikamwambia mguu haufai, mji wenyewe ulishamsamehe vita.

"Kura ilikuwa ya mji," akasema. "Mguu ni wangu. Naupeleka ninakotaka."

Nilikishika kiganja chake, nikashindwa kukiachia.

Siku ya kumi na tisa.

Nimeifunua ngao. Mama ameisafisha kwa majivu. Zeituni zimeanza kuingia vumbi.

Tangu siku ile namtazama kaka akitembea. Hakuna mtu kama yeye Athene nzima. Na leo, nikimtazama hivyohivyo, nimepata wazo!

Mtu anayechechemea hawezi kwenda mstari wa mbele. Atawekwa nyuma, penye mizigo na masufuria. Lakini huko naye atahitaji mtu wa kumshika mkono. Nani? Ndugu yake! Nani atathubutu kututenganisha, baada ya tanzia ile?

Kesho namwendea kamanda. Nimeshaagiza mkunga, mkubwa kuliko yule wa kwanza.