Joho la Upande

Jumatatu, 3 Novemba 1634, London
Mvua. Goti linauma. Nimezeeka nikiwa mpiga mbiu mdogo wa Mfalme, na mdogo kwa cheo huvaa joho lake lililotariziwa simba upande: mikono ya joho inaning'inia kifuani na mgongoni. Watoto wa mtaa wa Cheapside huniuliza kama nilivaa gizani. Wakubwa ndio huvaa sawasawa, na hakuna kugeuza joho mpaka mkubwa mmoja afe au ang'atuke. Leo Mzee Thurlby, mkubwa wetu, amekohoa mpaka kofia ikamwanguka. Nimemwombea. Sisemi nimeomba nini.

Jumatano, 5 Novemba
Crouch, mdogo mwenzangu, kampelekea Mzee supu. Mnafiki! Mimi ndio kwanza nilikuwa nawaza kumpelekea pai ya samaki mkunga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama mpaka kiuno hakinyooki. Ila nina wazo. Keshokutwa nasimamia mazishi ya Sir Ambrose Wickett kule Hertford, maana mazishi ya mabwana ni kazi yetu wapiga mbiu. Nani ananijua huko? Nitavaa joho sawasawa. Mjane wake atanisifu kwa wakubwa kama mkubwa mwenzao, nao wataona haya kunirudisha chini.

Ijumaa, 7 Novemba, Hertford
Nimelivaa. Mikono ndani ya mikono! Mjane kaniinamia. Kisha akasema kwa kuwa mimi ni mkubwa, basi nibebe kofia ya chuma ya marehemu, mpaka kanisani, kilimani. Kwa goti hili hili! Nikafika natweta, nikaanza kutangaza sifa za marehemu. Nikainua macho. Kiti cha mbele: Mzee Thurlby, mzima wa afya. Kumbe marehemu ni shemeji yake!

Nje akanivuta pembeni. “Fulke, mwanangu, nani kakugeuzia joho?”

Nikasema ni upepo. Akacheka mpaka kikohozi kikamrudia. Akasema amechoka, anang'atuka, na alikuwa amepanga kunitaja mimi nimrithi. Sasa, akasema, atamtaja Crouch. Nilitamani nifukiwe pamoja na Sir Ambrose.

Jumanne, 11 Novemba, London
Crouch kageuziwa joho mbele yetu sote. Akanishika bega. “Pole, kaka. Zamu yako itafika.” Nimechoka. Nimechoka kweli. Nikaapa kuishi kwa uaminifu na kuridhika na nilichonacho.

Kisha Crouch akapiga chafya. Mara mbili.

Nimempisha kwenye kiti changu, kile cha kando ya dirisha bovu linaloingiza baridi.