Malalamiko ya Nyumba Isiyofurika Tena

Kwa Mjukuu wangu, Bwana Mhandisi wa Maji ya Mvua,
Halmashauri ya Mji.

Mume wangu, hivi miguu yako imeota mizizi huko ofisini? Mvua zimekuja, zimekwenda, hujaonyesha hata pua! Kalamu ni ya fundi cherehani jirani, maneno ni yangu. Ameniambia nianze na "kwa heshima na taadhima". Haya, hiyo hapo, ichukue.

Nailalamikia ile bustani ya kunyonya maji mliyoichimba mwanzo wa mtaa wetu. Wenzako walikuja kuuliza faida na hasara zake. Faida waliandika mpaka wino ukaisha. Nilipoanza kutaja hasara, wakatazama saa. Basi sikiliza wewe.

1. Mbeba watu, yule baba mwenye mgongo mpana aliyekuwa akituvusha maji, hana kazi. Watu wanavuka kwa miguu yao wenyewe, tena na viatu vya ngozi!

2. Matope yalikuwa askari wangu. Wifi yangu hakuthubutu kuyakanyaga. Siku hizi anafika kila alasiri, miguu mikavu, anakunywa chai yangu huku akiisema vibaya.

3. Hii ndiyo kubwa. Maji yalipoingia sebuleni, nani hakuja? Baba yako na godoro kichwani, mama yako akichota kwa sufuria, wewe juu ya kabati ukiamrisha kama jemadari. Tulikula tumesimama juu ya viti, tunacheka. Sasa mnapiga simu kuuliza kama nimefurika. Nikisema sijafurika, mnamshukuru Mungu, mnakata. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji azame kwanza.

Kwa hiyo naomba Halmashauri inirudishie maji. Sitaki mengi. Ya kifundoni yanatosha, yaingie sebuleni yasifike jikoni, tena siku za mapumziko tu, mnapokuwa na nafasi.

Nisalimie mkeo, watoto, na mkubwa wako yule mwenye kitambi. Fundi naye anakusalimu. Suruali yako uliyompa aishone imemchosha kuitunza.

Ni mimi bibi yako, niliye mkavu kupita kiasi.

Nilisahau: nasikia mnataka kuifukia hiyo bustani mpate pa kuegesha magari. Thubutu! Atakayeshika koleo aanze kunifukia mimi. Tangu ichimbwe sijatupa godoro, na watoto wa mtaa hawaharishi ovyo. Ila pale maji yanapoingilia pamezibwa na plastiki, na wingu limeshakuwa zito. Jumamosi njoo na koleo na viatu vya mpira. Usipitie nyumbani, nitakuwa huko huko bustanini, nimeshaanza.