Sahani Sita za Nana

Jumatatu, 5 Novemba 1962
Wallahi, riziki imebisha hodi! Mzee Aqil, karani wa zamani wa duka la masonara mjini lililouza na vyombo, kaniambia kuna Mzungu anatafuta sahani zilizouzwa na duka lile. Zina muhuri wa mwezi mgongoni. Alikuwa akiendelea, nikamwacha anasema peke yake. Nana, shangazi aliyenilea hapa Timbwani, anazo sita, za harusi yake! Nimezipindua. Doa jekundu tu, rangi aliyotia ili azijue zikiazimwa shughulini. Muhuri umo chini yake, sina shaka.

Jumatano, 7 Novemba
Nana kaenda mtaa wa Shika Adabu kutazama mgonjwa. Nimesugua kwa jivu na ndimu. Mihuri sita ya mwezi imetokea! Mimi ni mtaalamu.

Ijumaa, 9 Novemba
Khitma kwa jirani yetu Barke. Sahani zimeazimwa mimi nimelala. Baada ya kula kila mwanamke kapindua, katwaa zake: doa la kijani, mstari wa buluu. Kumbe zote zina mwezi, mtaa mzima ulinunua duka lile lile! Zikabaki sita zisizo na alama. Nana kasema ni zake. Mwanasaumu, jirani mwingine aliyepungukiwa na mbili, kauliza mbele ya wote alama iko wapi, na Nana kaanza lini kudai vya watu. Nana, asiyepata kurudi na kijiko cha mtu! Kamwachia mbili, katoka na nne, uso chini. Mimi nilisimama mlangoni na birika la kahawa. Nikageuka kuwamiminia wageni. Naona aibu hata kuandika.

Jumamosi, 10 Novemba
Nimekiri. Nana hakunigombeza, na bora angenigombeza. Kanipeleka kwa Mwanasaumu nikaeleze mbele ya akina mama. Nimeeleza, macho kwenye vidole vya miguu. Mwanasaumu karudisha sahani, kamwomba Nana radhi. Nana kanipa brashi na kopo la rangi nirudishe alama.

Jumapili, 11 Novemba
Nimetia madoa sita, moyo mzito. Mzee Aqil kapita, kasema sikumsubiri amalize siku ile. Mwezi hauna thamani, sahani za mwezi zimejaa kila nyumba. Mzungu anataka zenye rangi kuukuu za akina mama, na hizo huzilipia vizuri. Nimelia, kweli. Nimetubu. Hila basi.

Ila kopo lina rangi bado. Na masizi kidogo huzeesha rangi. Barke anazo nne kabatini, hazitoki shughulini, ambazo hakuzitia alama.

Kesho nitaziazima.