Nusu Kidonge na Pilau ya Maulidi

Jumatatu, 1 Aprili 1974

Andika, Tekla. Usipambe. Wewe kisomo cha watu wazima kinakutaka uandike kila siku, mimi mdomo ninao, tusaidiane.

Leo natoka hospitali. Moyo unanidunda tangu Nassibu, balozi wetu wa nyumba kumi, aliposema mwaka huu upawa wa pilau ya Maulidi hapa mtaani Ng'ambo, Tabora, nashika mimi, Mwanahawa. Si jirani yangu Kuluthumu, aliyezoea. Kuluthumu akaniambia shikamoo dada, Mungu akupe mikono isiyotetemeka. Tangu hapo inatetemeka.

Daktari kanipa vidonge vya kutuliza wasiwasi. Nusu tu, jioni. Kasema vinaleta usingizi, nisikae karibu na moto. Nisizidishe. Nisimgawie mtu. Nisichanganye na dawa nyingine. Akaniuliza, kwani natumia nyingine? Nikasema sina. Ile mizizi ya mganga wangu, mzee Lugembe, sikuitaja. Mizizi dawa? Nachemsha kama chai.

Jumanne, 2 Aprili

Subhanallah. Moyo umetulia.

Bibi yangu alikuja na msafara kutoka pwani, mtoto mgongoni, simba porini, maji hakuna. Hofu yote ile aliibeba mwenyewe mpaka Tabora. Mimi leo kitu ambacho kuku angekidonoa kimeingia tumboni, kikapanda kifuani, kikakuta ghasia, kikazima. Kimeijuaje njia? Cha leo nimekiweka kiganjani nikakitazama mpaka uji ukapoa.

Jumatano, 3 Aprili

Nimepima. Uzuri wake: mikono imetulia. Ubaya wake: usingizi. Lakini usingizi mimi ninao hata bila kidonge, kwa hiyo ubaya hakuna.

Kuluthumu kapita kuuliza nimelalaje. Nikamwambia kama mtoto mchanga. Kanuna. Sasa kama nusu inamnunisha Kuluthumu, kizima je?

Ijumaa, 5 Aprili

Andika polepole, naona aibu.

Jana alasiri, kabla ya kuinjika sufuria, nilimeza kizima. Nikaona kiko peke yake, nikakiongezea mwenzake. Nikashushia na mizizi. Nikashika upawa, na hapo ndipo kumbukumbu zangu zinapoishia.

Wanasema nililala nimesimama, kidevu juu ya upawa, midomo inachezacheza. Wanawake wakadhani nausomea wali dua. Wakanyamaza kwa heshima. Wengine wakaitikia amina. Wali unaungua, wao amina. Pindo la kanga yangu likashika moto, na bado kuna aliyesema tusimkatize.

Kuluthumu ndiye aliyesema dua gani hii inanuka moshi. Kanidaka kiunoni, kanivuta, kanimwagia maji ya mchele. Kisha kachukua upawa.

Pilau iliyobaki watu wameisifu. Hilo andika kwa herufi ndogo.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimerudi kwa daktari. Mizizi nimemtajia. Kavua miwani, kasema mama, vitu hivyo vikikutana vinaweza kuituliza hata pumzi. Ungelala moja kwa moja. Aliyekuvuta mshukuru. Na vidonge nisiviache ghafla, mwili ukishazoea unagoma; nirudi kwenye nusu, na mizizi nitupe.

Nimetembea kurudi nyumbani nikishika kifua. Kitu kidogo vile. Kinaingia kutuliza moyo, na hakijui pa kuishia.

Kuluthumu nimemshukuru. Kasema si kitu dada, nilikuwa nauwahi wali.

Jumatatu, 8 Aprili

Balozi Nassibu kaja, kakohoa sana kabla ya kusema. Mwakani upawa kwa Kuluthumu. Sawa. Lakini kijijini Kigwa kuna harusi ya mpwa wangu, na huko habari hazijafika. Nimeomba upawa, wamenipa.

Daktari nimemsikia, Tekla, usinitazame hivyo. Mizizi nimeitupa yote. Mzee Lugembe kanibadilishia, kanipa majani. Na moto sitausogelea: fundi Abbasi ananichongea upawa mrefu, mimi nisimame huku, sufuria iwe kule.