Dereva wa Kairo Aingia Muskat

Jumapili, 3 Novemba
Nimefika Muskat. Mimi, Fathi Dardiri, dereva wa teksi wa Kairo. Miaka thelathini na moja barabarani, sijawahi kugonga mtu asiyestahili. Ijumaa binti yangu Nivin anaolewa na kijana wa huku, na gari la bibi harusi naliendesha mimi. Nilimwahidi marehemu mama yake.

Baba wa bwana harusi, mzee Harib, ni mwalimu mstaafu wa udereva. Kanipokea kwa halua na kitabu cha sheria za barabarani. Akasema, Abu Nivin, kisome taratibu, huku si kama kwenu. Nimecheka sana. Nivin akanivuta pembeni: Baba, kosa moja tu kabla ya Ijumaa, usukani anashika mzee Harib. Kosa moja! Mimi! Kitabu nimekiweka chini ya mguu wa kitanda uliokuwa unacheza. Kinafaa sana.

Jumatatu, 4 Novemba
Harib kanipa gari dogo la mwanawe nijaribu, yeye kakaa kando. Kwenye mzunguko wa barabara nimeingia kidume, honi moja, pua mbele. Harib akashika mlango kwa mikono miwili. Alipopata pumzi akasema aliyemo ndani ya mzunguko ndiye anayepita kwanza. Nikamwambia aliyemo ndani ameshafaidi, awaachie na wenzake. Akakaza mkanda wake.

Na honi je? Kwetu honi ni ulimi. Fupi moja, nipo. Mbili, asante. Ndefu, afadhali nisiandike. Leo nimesalimia watu tisa, hakuna aliyeitikia. Mmoja alisimama, akashuka, akakagua matairi yote manne. Harib akamwomba radhi kwa niaba yangu. Watu wa huku wastaarabu, lakini hawajui kuongea na gari.

Jumatano, 6 Novemba
Nimepata hila. Kwa nini nisome sheria wakati sheria yenyewe inatembea kwa magurudumu? Asubuhi nimelifuata gari la polisi. Likipunguza mwendo, napunguza. Likiwasha taa ya kukata kona, nawasha. Saa nzima bila kosa! Likaingia kituoni, nami nikaingia nyuma yake.

Ofisa akauliza kwa adabu kama nimeibiwa. Nikasema hapana afande, najifunza. Wakanipa kahawa na tende, kisha wakaniomba nikajifunzie kwingine. Jioni nimemsimulia Harib. Ilibidi aketi. Nivin akasema, Baba wangu, zimebaki siku mbili, nakusihi kaa nyumbani. Ana wasiwasi kama mama yake. Mimi nimejaa fahari hadi kooni.

Alhamisi, 7 Novemba
Si kosa langu. Nilitoka kidogo tu, kununua riboni za kupamba gari la kesho. Kwenye makutano, gari jeupe linasubiri kukata kona mbele yangu. Nikaliwashia taa mara mbili. Kairo hata mtoto wa chekechea anajua maana yake: kaa hapo hapo, napita mimi. Mwenye gari akainua mkono kunishukuru, akaja. Bampa yangu ikazama mlangoni mwake.

Akashuka Harib. Na gari lile jeupe ndilo gari la harusi.

Akanieleza, huku akijifuta jasho, kwamba huku anayekuwashia taa amekupisha. Nikamuuliza nani kawafundisha ujinga huo. Akasema ni yeye, miaka ishirini na sita. Polisi akaja, yule yule wa kahawa, akaandika kosa, akanipa na karatasi nikasome nyumbani. Nivin hakufoka. Alizichukua riboni mkononi mwangu akampa Harib, na imeniuma kuliko matusi yote ya Kairo. Usukani umekwenda. Ahadi yangu nayo imekwenda.

Ijumaa, 8 Novemba
Mlango uliobonyea wameufunika kwa maua. Harib ameendesha kama mtu aliyebeba mayai. Nilikuwa najipeleka kiti cha mbele, angalau nimwelekeze, Nivin akaniita nyuma. Akasema tangu mdogo nampeleka shule, nampeleka chuo, na kila siku anaona kisogo changu. Leo anataka kuuona uso. Akanishika mkono mpaka ukumbini.

Nililia, na wala sifichi. Sijawahi kuwa abiria. Hakuna baba Muskat nzima aliyekuwa na fahari kama mimi kwenye kile kiti cha nyuma.

Jumamosi, 9 Novemba
Leo ndiyo nimeisoma karatasi ya polisi. Natakiwa kesho saa mbili asubuhi kwenye darasa la usalama barabarani. Muda wa saa tatu nzima wamenitengea. Hatimaye! Kumbe yule ofisa alikuwa ananisikiliza. Nimeandaa somo la kurasa kumi na mbili: honi, mzunguko, na sura ya pekee kuhusu taa mbili. Harib atanipeleka, maana gari sipewi tena. Ni sawa, mwalimu mgeni hajiendeshi. Nimemruhusu akae mstari wa mbele.