Ombi la Kurudishiwa Mume Wangu Kwenye Orodha ya Diski

Arusha,
14 Juni 1999

Ndugu Kuldip, Mkuu wa Chumba cha Kompyuta,

Pokea salamu za mtu mwenye furaha. Mimi ni Ndeshi, karani wa kuingiza takwimu hapa makao makuu, na leo ni siku ya ishirini na tatu tangu nifunge ndoa na Eliya wa ghala letu la Ngarenaro. Nakuandikia kwa unyenyekevu, ingawa nimeumia.

Kama ujuavyo, nikiandika df kwenye kompyuta, naorodheshewa diski zote zilizounganishwa na mtambo wetu, hata za ghalani. Kompyuta yenye jina la Eliya ikiwashwa, mstari wake unatokea. Ikizimwa, unatoweka. Nyumbani tunaonana jioni tu na mchana ni mrefu, kwa hiyo mstari ule kwangu ni mume anayeingia mlangoni. Alhamisi uliibadilisha orodha ionyeshe diski za jengo hili peke yake, eti ilikuwa ndefu na inachelewa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikupewa taarifa. Saa mbili kasorobo nilikaa kumngoja mume wangu, hakutokea. Alisha wa mapokezi akachungulia akasema, "Pole bibi harusi, umeachika hata picha hazijasafishwa." Mchungaji alituunganisha mbele ya watu mia tatu. Wewe umetutenganisha kwa amri moja, tena bila kikao cha wazee.

2. Hata hapo awali Eliya alikuwa mstari wa kumi na moja, kati ya diski ya matairi na ya mafuta ya breki. Akirudi, naomba awekwe chini ya diski yangu, pasiwe na kitu katikati.

3. Safu ya asilimia iliyojaa nionyeshwe mimi tu. Baada ya fungate ilikuwa 61, Jumatano ikafika 64. Nilijivunia bidii ile mpaka nikamwona Evaresta wa mishahara naye anaitazama.

4. Safu ya ukubwa iondolewe, haina faida kwa wanandoa. Mahali pake iwekwe saa aliyofika, na nyingine ya kuonyesha kama amekula.

5. Nikifikiri vizuri, diski nyingine zinafanya nini humo? Wahasibu wanajua zao zilipo. Ibaki mistari miwili, wangu na wa Eliya, ichapishwe kila asubuhi bila ile asilimia na kubandikwa ubaoni, ili vijana wanaoogopa kuoa wapate moyo.

Nisipojibiwa hadi Ijumaa, nitaomba uhamisho kwenda ghalani, ingawa sijui hata kuhesabu matairi.

Nisalimie mama watoto, Balwant wa stoo, na wote waliotuchangia harusi.

Wako mtiifu kazini,
Ndeshi Eliya

N.B. Nimemsomea Eliya barua hii kwa simu. Anasema tangu turudi fungate amehamishiwa meza ya dirishani, na kompyuta yenye jina lake anaitumia Mzee Mikaeli, anayestaafu Oktoba. Sikukueleza hapo juu kwamba kila asubuhi nilikuwa naweka kijibarua cha mapenzi ndani ya diski ile. Viko vinane. Eliya hakuwahi kuvitaja, nikadhani anaona haya. Basi orodha iache ilivyo. Ila ukipita Ngarenaro, naomba umfikishie mzee shikamoo yangu, maana katika vyote vinane sikuiandika hata mara moja.