Maua Meupe kwenye Dirisha la Mageto

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Siku ya hatari. Mama Bitutu, mwenye ploti hii tunamopanga, ametangaza kwamba anaenda Ujerumani kumwona binti yake Bitutu, nesi huko, na mjukuu ambaye hajawahi kumshika. Kabla ya kuondoka ataamua: chumba changu cha picha kibaki kwangu au kiende kwa Gitonga. Gitonga! Mtu anayepiga picha za pasipoti chini ya ngazi za duka la mbolea, mwavuli ndiyo studio. Anakitaka kwa sababu kinatazama soko lote la Mogogosiek. Nikikikosa, mimi na mke wangu Mongina tutarudi Kisii kulala jikoni kwa mama yangu. Printa sijui italala wapi.

Bahati ilioje, Mama alihitaji picha ya viza na akaja kwangu. Nikampiga vizuri. Kisha nikaamua kumfurahisha. Kwenye simu nina apu ya kurembesha sura. Nikafuta makunyanzi. Yote. Nikamwongezea mashavu kidogo. Mama alipoiona alicheka, akasema hata marehemu mumewe hakuwahi kumwona hivi. Ameondoka akiimba. Chumba ni changu.

Jumanne, 9 Septemba

Mama amerudi. Haimbi. Wakala anayemsaidia na viza amemwambia atume picha yake mwenyewe, si ya bintiye. Na miadi yake ubalozini ni Alhamisi asubuhi, Nairobi!

Gitonga alisikia kutoka ng'ambo ya barabara. Akasema kwa adabu, ile adabu yake ya kuudhi, kwamba yeye ana kitambaa cheupe safi na kamera isiyodanganya. Mama akageuka kumtazama. Nikamvutia kiti haraka. Miwani atoe, masikio yaonekane, asitabasamu. Nikapiga. Nikabonyeza printa. Stima ikapotea.

Nusu ya uso wa Mama ilikuwa nje ya printa, nusu ndani. Tukangoja. Mama alitazama saa, akatazama upande wa Gitonga, ambaye alikuwa ameazima jenereta na kuliwasha bila sababu yoyote. Nyuma ya Mama alingoja Mwalimu Atuti, mstaafu, aliyetaka picha za pensheni. Alilalamika kwamba mwanawe Eugene amekaa Australia hadi amesahau njia ya nyumbani, na siku hizi hata simu ya baba hapokei. Sikusikiliza sana. Nilikuwa naomba Mungu.

Stima ikarudi. Picha ikatoka. Makunyanzi yote yapo, uso mkavu, macho yametazama mbele kabisa. Wakala ameikubali. Nimelowa jasho hadi soksi.

Jumatano, 10 Septemba

Mama ameenda Nairobi. Jibu la chumba atatoa Ijumaa akirudi. Gitonga alimbebea mkoba hadi steji ya matatu huku akimnong'onezea sikioni. Nimeona kwa macho yangu!

Lakini nina mpango. Nimechukua ile picha ya viza nikaikuza, kubwa kama meza. Fremu ya dhahabu. Nimeisimamisha dirishani, inatazama soko. Pembeni nimeweka maua meupe, yale ya kanisani, na utepe mweupe kwenye kona. Chini nimeandika kwa herufi kubwa: MAMA BITUTU, TUNAKUPENDA. Ijumaa akishuka kwenye gari, kitu cha kwanza kuona ni heshima niliyompa. Gitonga ana nini? Jenereta la kuazima.

Mongina alisimama nje muda mrefu. Akasema hajui ni nini, lakini picha hiyo inampa baridi. Nikamwambia baridi ni ya mashamba ya chai, avae sweta. Akasema niulize mtu kwanza. Nimuulize nani? Gitonga? Nimefunga duka, ufunguo uko mfukoni. Kesho mapema naenda Kericho kununua karatasi za picha.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama Bitutu amefariki!

Niliposhuka steji nikitoka Kericho niliona tenti mbele ya ploti, akina mama wakimenya viazi, sufuria ya chai, watu wakiongea polepole. Mtu wa boda akavua helmeti, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema, "Pole sana. Mama ametuacha."

Nililia. Kweli kabisa. Huyu ndiye mama aliyenipa chumba nikiwa na begi moja na kamera ya kuazima, akaniambia nianze kazi, mengine tutaongea. Kwa kuwa hii ni shajara yangu, niandike ukweli wote: nilipokuwa nikilia nilijiuliza pia ploti itarithiwa na nani. Na Bitutu, bila shaka. Basi lazima niwe wa kwanza kumpa Bitutu pole.

Nimechelewa! Gitonga alikuwa amempigia asubuhi, akiuliza majina ya babu na nyanya ili achape programu ya mazishi. Eti Bitutu alilia hadi simu ikakatika. Kisha akatuma ujumbe: anakuja na mtoto kwa ndege ya kwanza.

Nikauliza ni nini kimemuua Mama. Mtu wa boda hakujua, aliambiwa na mama wa viazi. Mama wa viazi aliambiwa na Esnah, fundi wa nguo wa chumba cha pili. Nikamwendea Esnah. Alinitazama kwa mshangao.

"Si ni wewe uliweka picha?"

Nikageuka. Dirisha langu. Uso ule mkavu ndani ya fremu. Maua meupe. Utepe. Mbele ya kioo watu walikuwa wameongeza maua yao, na mtu amewasha mshumaa. Hata mimi, kama ningepita njia, ningevua kofia.

Nikauliza kwa sauti ndogo kama kuna aliyempigia Mama. Esnah akasema wamepiga tangu asubuhi, mteja hapatikani, na hiyo ndiyo iliyowamaliza nguvu kabisa. Bila shaka hapatikani! Yuko ubalozini, simu zinazimwa mlangoni! Na nikimjua Mama, kuiwasha amesahau.

Kwa hiyo katika Mogogosiek yote mimi peke yangu ninajua kwamba Mama yu hai. Nikisema, nimekwisha. Nisiposema, kesho kwaya inakuja. Nilikaa chini ya tenti nikiwaza. Nikapewa chai. Nikapewa kisu na viazi.

Ijumaa, 12 Septemba

Mpango: kuondoa picha asubuhi na mapema, kisha kukana kila kitu.

Nilifungua duka, nikaikumbatia fremu, nikatoka. Kwaya ilikuwa imeshapanga mistari nje. Waliponiona na picha walidhani nimeileta niwaongoze. Wakaanza wimbo. Ningefanya nini? Nilitembea mbele. Tulizunguka soko, mimi na picha, kwaya nyuma, wachuma chai wamesimama kando ya barabara wameinamisha vichwa. Tulipofika steji gari la Nairobi likasimama. Mama Bitutu akashuka na mkoba wake.

Alinitazama mimi. Akajitazama yeye mikononi mwangu. Wimbo ukafa sauti moja moja, ya mwisho ilikuwa besi. Mzee mmoja alikimbilia kwenye shamba la chai na sijui kama ametoka.

"Mageto," Mama akasema, "ni nani amekufa?"

Nilieleza. Heshima, biashara, maua, Kericho. Nilieleza vibaya. Mama hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kuna mtu amemwambia Bitutu. Gitonga akainua mkono, uso umemshuka. Mama akawasha simu, akapiga. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Bitutu yuko angani na mtoto mchanga, akija kumzika mama yake, na hakuna wa kumwambia.

Mama aliketi kwenye kiti cha kwanza cha waombolezaji. Ningependa angenitukana. Niliona aibu.

Jumamosi, 13 Septemba

Tenti haikuondolewa. Soko zima lilingoja. Mama alipiga ile namba ya Ujerumani tangu alfajiri, hapatikani, hapatikani. Hata viazi havikumenywa.

Alasiri gari la kukodi likaingia. Bitutu akashuka, macho yamevimba, mtoto kifuani. Mama akasimama. Bitutu akamwona. Begi likaanguka. Niliogopa sana. Nilifikiri sasa atakufa huyu.

Mama akasema, "Lete mtoto nimwone."

Bitutu akamwangukia shingoni, mtoto katikati akipiga kelele. Tukalia wote. Gitonga alilia, Esnah alilia, kwaya ililia kwa sauti nne. Baadaye Bitutu akasema amepewa likizo ya mwezi mzima. Mama akasema basi viza ingoje, Ujerumani imekuja yenyewe. Kisha akaomba ile fremu. Aliitazama sana.

"Hii naenda nayo nyumbani. Siku yangu ikifika msihangaike kutafuta nyingine."

Watu wakacheka. Nikaona ni wakati mzuri wa kuuliza habari ya chumba. Mongina alinikanyaga mguu.

Jumatatu, 15 Septemba

Hukumu imetoka. Mama aliniita, mjukuu amelala begani. Alisema kwa upole kwamba kwa miaka mingi amemwomba Bitutu aje nyumbani, kila mwaka ni mwaka ujao. Simu moja ya Gitonga ikamleta.

"Wewe nimekusamehe, Mageto. Lakini chumba nimempa aliyeniletea mtoto wangu."

Dhuluma! Gitonga angempigia kumwambia nini bila picha yangu? Maua alinunua nani? Fremu je? Yeye alibonyeza simu tu!

Naandika haya chini ya ngazi za duka la mbolea. Gitonga ameniachia mwavuli. Una tundu. Mongina ameniuliza kama sasa nimeelewa kosa langu. Nimemwambia nimeelewa kabisa, na ni kweli, maana nimewaza siku nzima. Picha haikuwa kosa. Picha ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Kosa lilikuwa kumwachia mtu mwingine apige simu.

Mwalimu Atuti ana chumba kitupu kinachotazama steji. Mwanawe Eugene yuko Australia, hapokei simu. Picha ya pensheni ya Mwalimu iko kwenye kompyuta yangu, hatabasamu, masikio yote mawili yanaonekana. Keshokutwa anaenda Sigor kwa dada yake, ambako mtandao ni wa shida. Mongina amevaa sweta, anasema anasikia baridi tena.

Namba ya Eugene nimeshaipata. Safari hii nitapiga mwenyewe. Maua nimeagiza.